Nani kasema riwaya ya upelelezi inaisha mwizi akishajulikana?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nimalize kusoma tena riwaya ya upelelezi niliyoipenda kuliko zote nilipokuwa mtoto. Kuna kauli naisikia sana, tena kwa watu wanaosoma, kwamba kitabu cha upelelezi ukishajua mwizi ni nani basi kazi yake imekwisha, mpe mtu mwingine au kitupe juu ya kabati. Na kikiwa cha watoto ndo kabisa, mtu mzima akionekana nacho anaulizwa unamsomea nani. Mimi napinga. Nimekirudia kitabu ambacho mwizi wake namjua kwa jina, najua alivaa nini kichwani, najua alivyonaswa na nani alimnasa, na bado nimekisoma usiku mpaka kikaisha, na nilichokikuta humo safari hii nilipokuwa mdogo sikukiona kabisa.

Kitabu chenyewe ni Emil und die Detektive, yaani Emil na Wapelelezi, cha Mjerumani Erich Kästner, kilitoka mwaka 1929, michoro ni ya Walter Trier. Kwa ambao hawajakisoma nitasimulia kwa kifupi, tena mpaka mwisho, manake hoja yangu yote inategemea mwisho. Emil Tischbein ni mtoto wa shule anayeishi na mama yake tu kwenye mji mdogo unaoitwa Neustadt, baba alishafariki, na mama anaendesha maisha kwa kuosha na kutengeneza nywele za wateja hapo hapo nyumbani. Likizo ikafika Emil anapandishwa treni kwenda Berlin kwa bibi yake, na mfukoni ana bahasha yenye marki 140, 120 za kumfikishia bibi na zilizobaki ni za nauli ya kurudi na matumizi yake. Kwenye behewa anabaki na jamaa mmoja wa kofia ngumu, anajiita Grundeis, anamgawia chokoleti na kumpiga stori za ajabu ajabu za Berlin. Emil anasinzia, anazinduka, jamaa hayupo na hela hazipo. Anaiona ile kofia kwenye watu stesheni ya Zoologischer Garten, anaruka chini na mizigo yake, na hapo msako unaanza, kwanza peke yake, halafu anakutana na Gustav, kijana wa mtaani mwenye honi mfukoni, Gustav anawaita wenzake, na ghafla kuna kikosi kizima cha watoto kinamfuata mwizi mjini mpaka asubuhi yake anaingia benki kubadilisha zile noti na hapo ndo anapatikana.

Nilipokuwa mdogo mimi nilikuwa wa Gustav. Nilitaka honi, nilitaka neno la siri, nilitaka kujificha nikimwangalia mtu anakula mkahawani bila wasiwasi huku hajui macho mangapi yanamtazama. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba watoto walijipanga wenyewe, huyu ana kazi hii na yule ile, wakachanga hela zao, wakaweka zamu, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewaambia fanyeni hivi. Kwenye kichwa changu kitabu kilianzia stesheni. Zile kurasa za mwanzo, mama anaosha nywele za mteja na Emil analeta maji ya moto, nilizipita mbio nifike kwenye msako.

Sasa nimezisoma taratibu na zimenisimamisha. Kästner anakatisha hadithi yake mwenyewe ili amweleze msomaji mtoto kwamba mtu anayepata marki 35 kwa wiki lazima aone marki 140 alizoziweka akiba ni hela nyingi sana, hata kama wapo wengine wanaoziona ni chenji. Piga hesabu, 140 gawanya kwa 35, ni wiki 4. Wiki 4 za mikono ndani ya maji na sabuni, na hapo ni kama vile hajala, hajalipa kodi, hajamnunulia mtoto viatu, kwa hiyo ukweli ni kwamba ile bahasha ni miezi na miezi ya kujinyima, huenda zaidi. Hiyo sentensi ipo pale pale kila siku, haikufichwa, imeandikwa kwa lugha ya mtoto kabisa, na mtoto niliyekuwa mimi niliiruka kwasababu mtoto anajua hela inapatikana wapi, inatoka kwa mama, basi.

Ukishaishika hiyo hesabu kitabu kizima kinageuka, Mhariri. Emil kwenye treni kila saa anapapasa mfuko kuangalia kama bahasha ipo. Mwishowe anaenda chooni, anatoa pini, anazichoma noti pamoja na bahasha kwenye kitambaa cha koti ndani ili zisimtoke. Utotoni niliona ni ujanja wa mpelelezi. Leo naona mtoto mwenye hofu, anayejua kabisa mama yake alivyozipata zile hela, na amebebeshwa mzigo ambao kwa umri wake ni mkubwa mno, na anaubeba bila kulalamika. Mwandishi anatuambia kwamba Emil ni mtoto mwema, lakini sio wema wa woga wala wa kutojua kufanya utundu, ni mwema kwasababu ameamua mwenyewe kuwa hivyo, na sababu ya kuamua ni mama. Nilikuwa nadhani anamkimbiza Grundeis kwa hasira. Soma tena, hasira ni kidogo sana. Anachokimbia ni ile picha ya kufika kwa bibi mikono mitupu na ya mama kupata habari. Hata anapomwandikia bibi kijibarua na kumtuma mtoto mwenzake akipeleke, anachojali ni wasiwe na wasiwasi, atakuja, asiulizwe sana.

Na hapo ndo nataka kusema kuhusu pini, manake kwangu mimi hii ndo sehemu inayothibitisha kwamba fumbo zuri halifi likifumbuliwa. Benki wanataka ushahidi. Hela ni hela, noti ya huyu na noti ya yule zinafanana, na Grundeis ni mtu mzima mwenye kofia na maneno mazuri mbele ya kundi la watoto. Emil anakumbuka pini, noti zinaangaliwa, matundu yapo. Mara ya kwanza nilishangilia kwamba amepata ushahidi. Mara hii nimekaa na kitu kingine kabisa, kwamba yale matundu yaliwekwa na hofu ya mtoto kupoteza jasho la mama yake, na hofu ile ile ndo iliyozirudisha hela. Dalili ya kesi na moyo wa hadithi ni kitu kimoja, kipini kidogo, hakuna kilichobandikwa juu. Mwandishi alikiweka mbele ya macho yetu mapema sana, akatuacha tukisahau kwa kelele za honi na tramu. Ukijua mwisho, ile pini inapoingia kwenye koti unatetemeka, unajua inakwenda kufanya nini, Emil mwenyewe hajui. Msomaji wa mara ya kwanza raha hii hawezi kuipata hata ukimlipa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulitakiwa kulijua hili vizuri kuliko wengi, manake tuna Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla tangu 1960, na wangapi wamekisoma wakakirudia wakijua kila kitu? Mara ya kwanza wewe ni Najum, msaidizi wa mpelelezi Bwana Msa, unashangaa kila Bwana Msa anapofungua mdomo. Ukirudi mara ya pili unakaa upande wa Bwana Msa, unaona anachokiona wakati anakiona, na kitabu ni kile kile. Tukikubali hivyo kwa riwaya za wakubwa sijui kwa nini za watoto tunazinyima haki hiyo.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi ya nilivyotegemea. Emil haendi polisi. Mtoto yeyote anayesoma anaona sawa tu, angeenda polisi hadithi ingekuwa wapi. Lakini sababu yenyewe ipo, na ni hii, kule kwao Neustadt alichorachora kwenye sanamu ya Mtawala Karl, akaipaka pua nyekundu na kuitia masharubu, na anaamini polisi Jeschke alimuona, kwa hiyo yeye tayari ni mhalifu, akienda kituoni kulalamika ameibiwa watamfunga yeye. Nilipokuwa mdogo hoja hii ilikuwa imenyooka kabisa kichwani mwangu, mimi pia ningeogopa. Sasa hivi nikiwa mzazi ilibidi nikiweke kitabu chini kwanza. Mtoto ameibiwa kila kitu kwenye mji asioujua, na hamwombi mtu mzima msaada kwa ajili ya masharubu ya sanamu, na hakuna mtu mzima anayejua kwamba anayo hiyo hofu kwasababu hajawahi kumwambia hata mmoja. Nimejiuliza wangu wanabeba masharubu gani ambayo sijaambiwa. Kästner halifafanui, halihubiri, analiweka tu, mtoto anapita nalo anacheka na mzazi analibeba anaenda nalo.

Halafu Dienstag mdogo. Kwenye kikosi kuna mtoto mdogo anayeitwa hivyo, kazi aliyopewa ni kukaa nyumbani kwao kwenye simu, wenzake wakipata jambo wanampigia, anapokea na kupeleka habari kwa wengine. Basi. Msako mzima unapita yeye hayupo, hamuoni mwizi, haioni kofia, haingii benki. Utotoni nilimsahau kabisa, kama ungeniuliza ningekutajia Gustav na yule wa miwani waliyemwita Profesa na binamu yake Emil wa baiskeli, Dienstag hapana. Na kumbe mwandishi hakumsahau. Mwisho wa kitabu watoto wamekusanyika wanasifiwa, magazeti yameandika, bibi anasimama anasema kati yenu wote yupo aliyetamani sana kwenda na akabaki kwenye simu kwasababu aliahidi, na huyo namsifu. Niliposoma hapo nilifurahi kwa namna ambayo vigumu kuieleza kwa barua. Ukishafanya kazi miaka mingi na watu unajua kila jambo lililofanikiwa lina mtu wake wa kwenye simu, na ni nadra sana bibi kusimama akamtaja.

Sitaki kuifanya barua kuwa ya huzuni lakini mtu mzima akisoma kitabu cha 1929 cha Berlin hawezi kuufuta mwaka akilini. Mtoto mwenye miaka 10 mwaka ule alikuwa na miaka 20 vita kuu ya pili ilipoanza 1939. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vya Kästner vilikuwemo kati ya vilivyochomwa moto Berlin na watu wa Hitler, na mwenyewe alikuwepo pale amesimama anaona. Trier, ambaye michoro yake ndo imefanya tumkumbuke Emil kwa sura, alikuwa Myahudi, ilibidi akimbilie London mwaka 1936. Filamu ya kitabu ilitengenezwa 1931, na mtoto aliyemuigiza Dienstag mdogo, Hans Albrecht Löhr, alikufa vitani 1942. Aliyemuigiza Emil, Rolf Wenkhaus, naye vita hiyo hiyo, mwaka huo huo. Nilipokuwa mtoto kundi la watoto wanaokimbia barabarani lilikuwa raha tupu, na bado ni raha, sikubali mtu aniharibie, ila sasa naona pia mwandishi aliyeipenda ile mitaa na wale watoto akawaandika vizuri kabla mambo hayajaharibika, na wala hakujua kwamba yataharibika kiasi kile.

Naomba nieleweke, sisemi kila riwaya ya upelelezi ya utotoni inavumilia kurudiwa. Hapana. Nimerudia na nyingine, za mfululizo, ambazo nilizila moja baada ya nyingine, na nyingi hazikunipa kitu, ukurasa wa pili tu unaona mifupa. Nimefikiria kwa nini na jibu langu ni kwamba kwenye vile vitabu kilichoibiwa hakina mwenyewe. Ni hazina ya zamani, ni mkufu wa tajiri tusiyemjua, ni magendo ya watu wa mbali, na watoto wapelelezi wako likizo, wakishindwa watarudi nyumbani wale walale kama kawaida. Hakuna kinachouma. Kwa hiyo kinachokuvuta ni kutojua tu, na ukishajua, kamba imekatika. Kwa Emil kutojua ni sehemu ndogo, tena ukiangalia vizuri mwizi tunamjua tangu mwanzo, hakuna washukiwa kumi, ni yule wa kofia, tumemwona akigawa chokoleti. Swali sio nani kaiba bali watoto watamrudishia mama haki yake vipi, na swali la namna hiyo halichakai. Ukitaka kujua kama kitabu cha utotoni kitakupokea ukikirudia jiulize tu kilichoibiwa kilikuwa cha nani na kingepotea nani angelia. Kama unakumbuka mtu wa kulia, kirudie.

Na jingine linalokifanya kisichakae ni kwamba hakimchukulii mtoto kama mtu wa kufundishwa kila dakika. Kesi imekwisha, wako wote kwa bibi, mama naye ameitwa kaja Berlin, na kuna zawadi ya marki 1000 kwasababu Grundeis kumbe ni mwizi wa benki aliyekuwa anatafutwa. Wanaanza kuulizana wamejifunza nini. Emil anasema amejifunza usimwamini mtu. Mama anasema watoto wasiachwe wakasafiri peke yao. Bibi anawakatalia wote wawili, anasema upuuzi, funzo lake ni kwamba hela zitumwe kwa mani oda, yaani kwa posta. Nikiwa mtoto nilicheka tu kwasababu bibi kasema kitu cha kuchekesha. Mtu mzima nimeelewa bibi anafanya nini. Mjukuu amefika hapo kwasababu watoto asiowajua kabisa walimwamini na yeye akawaamini, kwa hiyo akiondoka na funzo la kutomwamini mtu atakuwa amepoteza kitu kikubwa kuliko marki 140. Mama naye kwa uchungu anataka kumfungia ndani. Bibi anawatoa wote kwenye hofu kwa sentensi moja ya posta. Ni bibi mwenye akili sana huyu.

Sasa Mhariri ombi langu. Mnaandika habari za vitabu, na mnafanya vizuri, lakini kitabu cha watoto kikitajwa kinapewa mistari michache, kinafaa umri gani, kina mafunzo gani, kwisha. Hakuna anayekihakiki kama kitabu, kwamba kimejengwaje, mwandishi kaficha wapi dalili, wahusika wana uzito au hawana, mtoto anaheshimiwa au anabembelezwa. Wanaoamua mtoto asome nini ni watu wazima, na wengi tunanunua kwa kuangalia picha ya nje au kwa kukumbuka jina tulilolipenda zamani bila kulifungua tena. Tukifungua ndo tutajua kipi ni cha kurithisha na kipi kilikuwa cha kupitisha muda. Kwa hiyo naomba mtenge nafasi, hata mara moja kwa mwezi, mtu mzima arudie kitabu kimoja cha utoto wake, akisome chote sio kukumbuka tu, halafu aseme ukweli alichokikuta.

Wakianza na vya upelelezi nitafurahi zaidi, manake hivyo ndo vinasemwa vibaya kuliko vyote, na ndivyo vilivyotufundisha wengi wetu kusoma kwa makini, kurudi nyuma kurasa kadhaa kuhakikisha kama kweli mlango ulikuwa wazi. Na msiogope barua za wale waliorudia kitabu wakakuta hakina kitu, hizo nazo zichapisheni, zitatusaidia tunaochagua vitabu vya watoto. Mimi cha kwangu nimeshakitaja, nangojea vya wenzangu.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi